Kikopo Chini ya Mashine ya Upepo

Jua lilikuwa halijapanda juu ya vichuguu, na Donat alikwisha kufika juu ya mnara wa mashine ya upepo inayovuta maji, miguu imebana chuma, kopo la grisi linaning'inia shingoni. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kila asubuhi ila Jumapili: apande hadi kwenye gurudumu, apake grisi kwenye meno yake, akaze boliti zilizolegea, kisha ashuke apime maji kwenye tangi. Watu wa kambi walimwita Donat wa Hewa. Hakuchukia. Mwaka ule wa hamsini na moja, katika ferme nzima, shamba la ng'ombe la mzungu, kwenye njia ya Kinsevere, kilomita ishirini na kitu kutoka Elisabethville, hapakuwa na mwingine aliyethubutu kupanda.

Siku ile gurudumu lilikuwa limekufa. Siku ya nne hiyo bila upepo, na mapanga yake ya bati yalitulia kama sahani zilizoanikwa. Oktoba ndivyo ilivyo kule: mvua inanukia lakini haiji, joto linakukalia kifuani, halafu mchana mmoja upepo unatoka usikokujua na kubeba mapaa ya watu. Donat aliujua mchezo huo, ndiyo maana kila asubuhi aliichungulia springi ya mkia. Mkia wa bati ndio unaoelekeza gurudumu kwenye upepo. Upepo ukizidi, springi inatakiwa iukunje mkia yenyewe, gurudumu ligeuke ubavu, lipunguze mbio. Springi ilikuwa imechoka tangu Julai. Alikwenda kumwambia mwenye ferme, kofia mkononi, na yule mzungu akamjibu neno analojibu kila mtu, uwe umeomba dawa, uwe umeomba bati la nyumba: "Tutaona." Hata jina walimpa hilo hilo, Bwana Tutaona. Basi kwa kuwa springi ilikuwa mgonjwa, mkia ulikunjwa kwa mkono. Palikuwa na mpini kwenye mguu wa mnara. Ukiuvuta, waya unavuta mkia. Ilibidi mtu awe karibu, na mtu huyo alikuwa Donat.

"Donat, maji iko?" Kapita Symphorien alikuwa amesimama chini, mkono kwenye paji la uso. Kapita ndiye aliyesimamia wafanyakazi wote, mtu mzito wa mwili na mwepesi wa hofu.

"Iko ya leo mpaka mchana. Kisha hapana."

"Na upepo?"

"Upepo haiko muntu, Kapita. Haitumake barua mbele ya kuya."

Kapita hakucheka. "Bwana anaenda ku ville, Elisabethville, atarudia saa tisa. Akute ngombe zimekunywa. Na we, chunga hii mwezi. Mwisho wake atatia neno mu buku yako. Usimupe sababu."

Hakuwa na haja ya kumkumbusha. Buku ya kazi ya Donat, ile mabwana huandika mwenendo wa mtu, ilikuwa na kurasa sita zilizoandikwa, na hapakuwa na neno baya hata moja. Mjomba wake alikuwa Makomeno, kwenye nyumba za watu wa reli, na alikwisha kumwombea nafasi ya fundi msaidizi kwenye karakana. Walimwambia jambo moja tu: alete buku safi. Akipata, atamtoa mkewe Chileshe kambini, na mtoto wao ataanza shule ya misheni akiwa na viatu. Mtu akikuambia buku ni karatasi tu, ujue hajawahi kutembea bila hiyo mbele ya polisi.

Ng'ombe mia tatu wa Bwana Tutaona walikunywa kwenye birika refu la saruji, hatua tatu kutoka mguu wa mnara. Chini ya mnara wenyewe palikuwa na kisima kipana, kimefunikwa bati, na ufito wa pampu ukishuka katikati. Kisima hicho hakikuchimbwa na mzungu. Kilikuwa chemchemi ya kijiji, wazee walikipanga mawe zamani, mpaka siku walipokuja kupima shamba kwa mnyororo na kijiji kikahamishiwa ng'ambo ya barabara. Mwanzo wanawake waliruhusiwa kuchota baada ya ng'ombe. Kisha Bwana akaleta seng'enge, akasema wanawake wanachafua maji na kuwaletea ng'ombe maradhi. Mwanamke akikamatwa ndani, ni jela siku saba. Kijito walichobaki nacho ng'ambo kilikauka Agosti.

Donat ndiye aliyefunga seng'enge hiyo, na Donat ndiye aliyeilegeza waya mmoja ubavuni mwa tangi. Hakumwambia mtu. Ila siku za Bwana kwenda mjini wanawake waliijua njia, wakapita mmoja mmoja na vibuyu vyao, na Donat akajifanya kuhesabu boliti.

Mamamkwe wake naye alikuja, lakini saa yake ilikuwa nyingine. Jina lake Nkandu, jina ambalo Donat kwa miaka sita ya ndoa hakuwahi kulitamka. Wakikaribiana njiani, mmoja aliingia majanini mpaka mwenzake apite. Hakuwahi kumtazama usoni, hakuwahi kula mahali anapomsikia. Hiyo ndiyo buko, heshima ya ukwe, na kwao Donat huko kaskazini, upande wa Kongolo, iliheshimiwa hivyo hivyo. Kwa hiyo Nkandu alichota maji mchana, saa Donat yuko kambini anakula. Siku ya kuondoa aibu hiyo ilikwisha kupangwa: Jumapili baada ya mvua ya kwanza. Mama atapika kuku na bukari, ugali wa kule, atamwita mkwe ndani, atamtia tonge la kwanza mkononi, na tangu hapo watasalimiana kama mama na mwanawe. Kuku mwenyewe alikuwa amefungwa kamba mguuni nyumbani kwa mama, akinenepeshwa. Chileshe alikwisha kumfulia mumewe shati jeupe, akalikunja na kulitia sandukuni.

Mchana huo Donat hakwenda kula. Ngozi ya pampu ilikuwa imelika, na akajisemea, heri niikate nyingine sasa hivi ili upepo ukija pampu ivute vizuri. Akakaa nyuma ya tangi kwenye kivuli, akailowesha ngozi kwenye mafuta ya ng'ombe, akaikata mviringo kwa kisu. Bidii hiyo ndiyo iliyomponza.

Alisikia waya wa seng'enge ukilia. Akachungulia kando ya tangi na kuona mgongo wa mwanamke mzima, kitambaa cha bluu kichwani, kikopo cha emaye, bati lililopakwa rangi ngumu, mkononi. Alikitambua kitambaa. Akarudisha kichwa haraka. Nitangoja, akawaza, atachota aende zake.

Lakini joto lilikuwa joto, na mama wa watu aliamini yuko peke yake. Donat alisikia maji yakimwagika, mara moja, mara ya pili, na sauti ya mtu anayeburudika. Alielewa. Mama alikuwa amefungua kitenge, anaoga kifua chake kwa maji ya ng'ombe. Donat akainama mpaka paji la uso likagusa udongo.

Hapo ndipo upepo ulipokuja.

Ulianza kwa majani makavu, kisha vumbi, kisha bati la tangi likaanza kugonga. Juu gurudumu likaamka, mapanga yakapiga kelele ndogo, halafu kubwa. Donat alijua hesabu yake. Alikuwa na muda wa kukimbia hatua ishirini na kuvuta mpini. Lakini mpini ulikuwa hatua tatu kutoka kwa mama wa mkewe, naye yuko wazi. Alikohoa. Upepo ukachukua kikohozi. Akakohoa tena kwa nguvu, na kooni mwake mkajaa vumbi. Kumwita hawezi, kwa jina gani? Kukimbia amefumba macho, je, akimgonga? Kuna mambo mtu akiyafanya mbele ya mkwe wake hayaoshwi hata kwa mbuzi, na mtoto wake atachekwa nayo akiwa na mvi. Aliendelea kulala kifudifudi, kisu mkononi, akisikiliza kazi yake ya miaka sita inavyolia juu.

Mlio ulikuwa mmoja, wa chuma kukatika. Ufito wa pampu ulivunjika, gurudumu likazunguka bila breki, panga la kwanza likang'oka na kupiga birika. Mama alipiga ukelele, na Donat akasikia miguu ikikimbia, waya ukilia tena. Alipoinua kichwa, mapanga sita yalikuwa chini na mkia umening'inia upande mmoja. Upepo wenyewe ulikwisha kupita, hata mvua haukuleta. Kando ya birika palikuwa na kikopo cheupe cha emaye, mdomo wa bluu, kimepasuka rangi pembeni.

Angekificha, lakini Kapita alikuwa amefika mbio.

"Mpini, Donat! Juu ya nini hukuvuta mpini?"

Kapita akaokota kikopo, akakigeuza, akakitundika kwenye msumari wa mnara. Alikuwa mtu wa kutaka kila kitu kionekane kimewekwa mahali, ili kisije kumwangukia yeye.

Saa tisa lori la Bwana Tutaona liliingia uani. Mwenyewe alikuwa kwenye usukani, na karibu naye alikaa polisi wa Leta, yaani wa serikali, kofia nyekundu magotini, aliyepandishwa njiani akienda kijijini kusaka wasiolipa kodi. Bwana alitazama juu muda mrefu, mikono kiunoni. Hakupiga kelele. Kelele ingekuwa nafuu.

"Springi," alisema Donat kwa sauti ndogo. "Bwana, nilisemaka tangu mwezi wa saba, ile springi..."

"Mimi hapana uliza springi. Mimi nauliza wewe. Wewe iko wapi?"

"Nilikuwa hapa, Bwana."

"Hapa. Na mpini iko hapa. Na wewe naangalia tu?" Kisha akakiona kikopo. "Na hii ya nani?"

Polisi naye akageuka kukitazama kikopo. Kapita akatazama miguu yake. Donat aliona mambo mawili yamewekwa mbele yake, na la tatu halikuwepo. Akisema ukweli, polisi yuko hapo hapo na buku safi inabaki safi, na mama wa Chileshe atalala jela siku saba. Tena angelazimika kusema mama alikuwa anafanya nini kwenye birika, aseme mbele ya wanaume watatu jinsi mamamkwe wake alivyokuwa. Ulimi wake ulikataa kabla moyo haujaamua.

"Yangu, Bwana."

"Wewe nakunywa nini?"

Donat ndiye aliyeongoza sala kambini Jumapili ambazo padri hakuja. Ndiye aliyewaambia vijana waache pombe. "Lutuku," akasema, akiitaja gongo ya kule. "Nilikunywa lutuku, usingizi ikanibeba."

Bwana Tutaona alitikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Akatuma buku iletwe kutoka ofisini, akaiweka juu ya boneti ya lori, akaandika akiwa amesimama. Donat alisoma kwa mapadri, kwa hiyo aliweza kusoma neno lile hata likiwa limegeuzwa juu chini. *Ivrogne.* Mlevi. Wino ulikuwa mwingi ukavuja kidogo hadi ukurasa wa pili. Makomeno ikafutika hapo, na viatu vya mtoto.

"Mwisho ya mwezi, wewe naenda," alisema Bwana. "Leo, ngombe yangu nakunywa. Kapita, funua kisima. Wanawake ya kambi, wanawake ya kijiji, yote. Polisi atasaidia." Kisha akaenda kula.

Ajabu ya dunia hiyo. Wanawake waliokuwa wanachafua maji asubuhi, jioni walikwisha kutakata, kwa kuwa sasa walikuwa wanayachotea ng'ombe.

Waliletwa kwa foleni, ndoo na mabeseni vichwani, polisi nyuma na fimbo yake. Kapita alikuwa amefunga puli kwenye chuma cha mnara, na Donat akasimamishwa kwenye mdomo wa kisima, shati amevuliwa, kamba mkononi. Kazi yake ilikuwa kuvuta ndoo kutoka chini, kumimina kwenye chombo cha mwanamke aliyesimama mbele yake, na kuteremsha tena. Habari ilikuwa imemtangulia. Kapita alikwisha kuwaeleza njiani.

"Donat wa Hewa," alisema jirani yake Mwaba kutoka nyuma kwenye foleni, mwanamke ambaye hata msibani hakukosa mzaha. "Kumbe hewa yenyewe iko ya mu chupa." Wengine wakacheka kidogo. Donat alitazama kamba.

Wa tatu alikuwa Chileshe. Aliweka beseni chini, akangoja lijae, hakumtazama. Alipoinama kulitwika ndipo aliposema, taratibu, asisikike: "Lutuku, Donat?"

Mkewe angekuwa wa kwanza kuelewa, lakini kumwambia hapo kungekuwa ni kumtaja mama yake. Chileshe akaenda na maji yake, shingo imenyooka, na mzigo uliokuwa juu ya shingo hiyo haukuwa beseni peke yake.

Kisha kivuli kingine kikasimama ng'ambo ya kisima. Donat aliona ncha ya kitambaa cha bluu. Akageuza uso kwenye mguu wa mnara, akafumba macho, akavuta ndoo kwa kupapasa. Akaimimina. Maji yakaangukia mawe.

"We, angalia kazi," alisema polisi. Hakuwa mtu wa kule. Alitoka mbali, labda kwao mambo hayo yalikuwa mengine, au labda sare humsahaulisha mtu.

"Afande," Mwaba aliingilia, na safari hii hakuwa na mzaha, "ile iko mama wa bibi yake. Hapana fanya vile. Acha atoke mu mulongo."

"Bwana amesema yote."

Donat alivuta ndoo ya pili, macho yamefumba. Akamimina tena chini. Polisi akamgusa bega kwa fimbo. Hakumpiga, alimgusa tu, kama ng'ombe anavyoelekezwa zizini.

"Kapita," ilisema sauti ya mwanamke mzima, sauti ambayo Donat alikuwa ameisikia kwa mbali tu, nyuma ya kuta. "Ile kikopo iko yangu."

Kapita Symphorien alikaza macho kwenye msumari. "Mama, nyamaza."

"Iko yangu. Ni mi nilikuwa hapa mu mchana. Nilikuwa naoga. Huyu mutoto alikuwa nyuma ya tangi, amelala na uso mu udongo asinione. Wakati wa kukimbia niliona miguu yake. Hakukunywa kitu."

Ndoo ilining'inia kwenye puli ikidondosha maji kisimani, na kila tone lilisikika. Kapita alimtazama polisi, polisi akaitazama nyumba ya Bwana, akamtazama tena yule mama mwenye mvi, na bila shaka akapima mwendo wa kumpeleka mtu bomani jua likiwa linazama.

"Bwana amekwisha kuandika," alisema Kapita mwishowe, karibu kwa kuomba. "Ile Bwana ameandika haifutwake, mama. Ukisema, utafungwa bure, na yeye atabakia mulevi. Twika maji yako. Mi sikusikia kitu."

Mnyonge hana haki, walisema wa kale, na hawakusema kwa kutania. Ukweli ulikuwa umesemwa waziwazi mbele ya mashahidi ishirini, na haukupata pa kukaa.

Nkandu alikwenda kwenye mnara, akatundua kikopo chake. Akakichovya kwenye ndoo, akakijaza, akarudi. Donat alisikia pumzi yake, karibu.

"Donat."

Hakuwahi kumwita.

"Fungula macho."

"Hapana, mama. Si hapa."

"Na mi sikutaka hapa. Nilitaka ku nyumba kwangu, na kuku, na kirago kipya. Lakini wamekwisha kunileta mbele yako na fimbo, na we wamekuvua shati. Sasa tunaficha nini tena?" Sauti yake haikupanda. "Kunywa. Mi ndio nakupa. Buko imeisha."

Akafungua macho. Ulikuwa uso wa kawaida. Alikuwa na mwanya kama wa Chileshe kwenye meno ya mbele, na kovu dogo juu ya nyusi, na machozi hakuwa nayo. Donat alikuwa ameufikiria uso huo kwa miaka sita, akiwa amevaa shati jeupe, mbele ya bukari inayotoka moshi. Sasa aliutazama akiwa na grisi hadi viwikoni, ng'ombe wakilia nyuma yake. Aliona haya mpaka akatamani kisima kimmeze. Akapokea kikopo kwa mikono miwili, akanywa. Maji yalikuwa na ladha ya kutu.

"Aksanti, mama," alisema.

"Ile kuku nitapikia batoto," Nkandu akamjibu. Akainama, akangoja mkwe wake amjazie ndoo, na safari hii hakuna kilichomwagika. Akaitwika na kwenda kuwamiminia ng'ombe wa Bwana Tutaona.

Kikopo kilibaki kwenye jiwe la kisima. Mwaba, aliyefuata, alikitazama, akamtazama polisi, akakichovya kwenye ndoo na kunywa chote, polepole, kabla ya kuelekeza beseni lake. Nyuma yake mwingine akafanya hivyo hivyo, na mwingine, kila mmoja akinywa kwanza, maji ambayo asubuhi yangemtia jela. Polisi alivaa kofia yake. Kapita alikuwa ameinua kichwa anahesabu mapanga yaliyobaki juu.

Donat aliteremsha kamba, akavuta, akamimina. Hakumtazama mtu mwingine yeyote usoni jioni ile.